Pikipiki Juu ya Mstari wa Njano

Jumatatu, 3 Machi

Mpira wa nyuma umevuja tena. Nimeuziba mwenyewe asubuhi, mikono bado inanuka gundi. Ruhusa ya kutoka kambini ninayo hadi mwisho wa mwezi, hilo angalau limekaa sawa. Uvuvi ulifunguliwa Jumamosi, marufuku ya kila mwaka imekwisha. Miezi mitatu tumekula sombe, majani ya muhogo, na sasa kila mtu hapa kambini Mantapala anataka chisense, hao dagaa wadogo wa Ziwa Mweru. Nilifika sokoni Kashikishi saa mbili na pikipiki yangu ya magurudumu matatu, nikapata mzigo mapema. Wanaume wa stendi wakaniita Mama Shofere kama kawaida na kuuliza kama leo nimekumbuka breki iko wapi. Nikawajibu breki iko pale pale walipoacha akili zao.

Saa nne na kitu msafara wa maziko ukapita barabara kubwa. Matawi yamefungwa mbele ya magari, taa zinawaka mchana, akina mama wanaimba juu ya lori. Kila gari likajitoa pembeni na kusimama, ndivyo desturi ya upande huu. Nami nikajitoa. Nikazima injini, nikashuka, nikasimama wima. Kwetu mtu hakai kwenye kiti maiti akipita. Niliporudi kwenye pikipiki nikakuta karatasi imebanwa kwenye waya wa breki.

Notisi ya kaunsili, yaani halmashauri ya hapa. Kusimamisha chombo juu ya mstari wa njano mbele ya lango la soko. Ni ya pili. Ya kwanza, ya Januari, nililipa bila kusema neno, kwa uchovu tu. Nilichoka hata kubisha. Ya pili ikithibitishwa wanabandua stika ya leseni. Bila stika sibebi mzigo wala mtu. Ni kurudi kwenye jembe, na mgongo wangu na jembe waliachana zamani.

Magari mengi yalijitoa pembeni. Karatasi ni moja, yangu. Sahani ya namba ni ya Zambia lakini sura ya dereva ni ya Kongo. Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea Papa Zakaria ile notisi. Jirani yangu, alikuwa karani wa ofisi ya ardhi huko Pweto, Kongo, na bado anavaa kalamu mfukoni kama cheo. Kiingereza chake anakitafuta neno kwa neno kwenye kamusi. Ilimchukua asubuhi nzima.

Nyuma ya notisi kuna maandishi madogo. Siku kumi na nne za kupinga, kwa barua. Halafu orodha ya vyombo visivyoguswa na sheria hiyo: gari la wagonjwa, la zimamoto, na chombo kilicho kwenye maziko. Papa Zakaria aliruka kutoka kwenye kiti. “Voilà! Iko mule, Mama Neema! Beko benyewe ndo banaandika!”

Lakini anatakiwa shahidi. Mtu wa familia ya marehemu, aje mwenyewe mbele ya kamati ya kaunsili.

Ameanza kuandika barua. Mistari mitano ya mwanzo ni salamu kwa waheshimiwa. Nimemwambia apunguze. Amekataa, anasema barua bila salamu ni matusi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeulizia sokoni maziko ya Jumatatu yalikuwa ya nani. Bibi mmoja aliyekuwa akikausha samaki ufukweni, tangu watu wa sasa hawajazaliwa. Sikumjua. Nyumba yake iko karibu na maji, kilio, yaani matanga, bado hakijaondolewa.

Huwezi kwenda kwenye kilio mikono mitupu. Nimepeleka mzigo wa kuni. Nikaketi chini na akina mama. Bintiye marehemu wanamwita Bana Mwewa, yaani mama yake Mwewa. Mwanamke wa umri wangu, kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba. Anauza chisense kwa Wakongo, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha sokoni.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Pole, halafu shida yangu. Nikasema pole. Kabla ya la pili mtu akanikabidhi sufuria. Nikaosha sufuria. Zikaja nyingine. Nikaosha zote nikarudi nyumbani.

Sikuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi. Nimemenya muhogo hadi vidole vikakakamaa. Sikuuliza.

Safari moja tu ya mzigo leo. Papa Zakaria anauliza shahidi yuko wapi. Nimemwambia shahidi anafanyiwa kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mjini wameandamana na vitenge vya sare, ngoma mbele. Kwenye kilio hakuna aliyekwenda kuandamana. Tulichambua mboga, tukaosha sufuria kama jana.

Shangazi mmoja, aliyekuja kutoka Mwansabombwe, ameniuliza marehemu nilimjuaje. Nikasema, “Kwa barabara.” Akatikisa kichwa kama nimemwambia jambo zito, akanisogezea mkeka wake. Sasa nina mkeka. Wananiita kwa jina. Chakula kikija, sahani yangu iko kwenye hesabu.

Najisikia mwizi.

Na sasa niandike lililo kweli. Daftari ni langu, hakuna anayelisoma, na bado nimeandika uongo humu. Msafara ulipita saa nne na robo. Saa iliyo kwenye notisi ni saa tano kasoro dakika kumi. Magari mengine yaliondoka maziko yalipopita. Ndiyo maana karatasi ni moja. Haihusiani na Ukongo wangu. Mimi sikuwa nimesimama wima wakati huo. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya mashine ya kusaga, nimekaa juu ya gunia la pumba, nalia.

Baba Neema, mume wangu, tulimzika kando ya njia siku tunakimbia. Watu wanne, jembe moja la kuazima. Amefungwa kwa kitenge changu, tumemlaza pembeni kidogo ya njia huku wakichimba. Likaja lori limejaa watu na magodoro. Halikusimama. Lilipiga honi tupishe. Tukamsogeza. Lori likapita, vumbi lote likamwangukia, nami nikalipangusa kwa mkono kama mtu anayefuta meza.

Na Jumatatu, kwa ajili ya bibi nisiyemjua, barabara nzima ikanyamaza. Basi likasimama. Hata wale wapumbavu wa stendi walivua kofia. Nilishika usukani nikashindwa kupanda. Nikaiacha pale pale, nikavuka barabara.

Sasa nimwombe mtoto wa marehemu aje kuapa nini?

Jumapili, 9 Machi

Wameondoa kilio leo. Ndugu wanafunga mizigo, mikeka inakung'utwa, sufuria za watu zinarudishwa kwa wenyewe. Nilikuja kuaga tu. Niliapa njiani kwamba siulizi.

Bana Mwewa akaniita nyuma ya nyumba, kwenye beseni la vyombo. Akasema bila kunitazama: “Mama, mi nilikuona. Ile siku. Batu bote balikaa mu magari yabo. We ulishuka. Njo nilijua utakuya. Siku ine unaosha sufuria, hausemi kintu. Sema basi kenye unataka.”

Nilisema. Notisi, stika, kamati, shahidi. Halafu nikasema na la gunia la pumba, na saa, na Baba Neema. Sijui kwa nini nilisema yote. Ningeweza kuishia kwenye stika. Nilimwambia pia kwamba machozi yale hayakuwa ya mama yake, hata tone. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote kutoka.

Alikuwa anasugua masizi muda wote. Nilipomaliza akanipa mifuniko niikaushe. Kisha wakamwita mbele, kuna mzee anaondoka. Hakurudi. Nilipanga mifuniko juu ya meza nikaondoka.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Namuelewa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kutwa. Chisense haikukauka, hakuna mzigo. Nimelala mchana, jambo nisilolifanya tangu mwaka jana.

Jumanne, 11 Machi

Nimegombana na Papa Zakaria. Barua yake ni nzuri mno. Ameandika kwamba mimi nilikuwa kwenye msafara tangu mwanzo hadi makaburini, na tawi mbele ya pikipiki. Tawi! Nimemwambia afute, aandike saa ya kweli na mahali nilipokuwa.

Aliweka kalamu chini. “Mama Neema, unajifunga kamba weye mwenyewe, na kalamu yangu tena!” Akasema Pweto alikataa rushwa mara moja tu na alijuta. Nikamwambia siwezi kwenda mbele ya watu na tawi ambalo halikuwepo, huku mwenye maziko anajua. Akasema huyo mwenye maziko haji. Nikasema najua.

Halafu akachukua karatasi mpya. Salamu zote tano ameziacha, lakini chini yake ameandika ukweli. Ni barua fupi sasa. Inaonekana ya mtu aliyeshindwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimefika ofisini saa mbili na nusu na barua kwenye mfuko wa nailoni. Mlango umefungwa. Sikukuu ya vijana. Nimekaa ngazini nikawatazama wakipita na mabango. Hongera yao. Mimi nimepoteza safari nzima ya mzigo na nusu ya tangi.

Mwaka gani nilijua sikukuu ni lini? Kalenda ya nchi hii sijaizoea bado. Nimechoka.

Alhamisi, 13 Machi

Barua imepokewa. Muhuri umegongwa. Karani alikuwa mpole, alinionyesha kwenye fomu pale penye jina la shahidi. Nikaacha wazi. Akasema bila shahidi kamati huithibitisha notisi, haichukui hata dakika tano. Alisema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi.

Kamati inakaa Jumanne, saa tatu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepita ufukweni. Bana Mwewa amerudi kazini, pale pale alipokuwa mama yake. Anageuza chisense kwenye mchanga kwa fagio la majani, kitambaa cheupe bado kichwani. Tukasalimiana. Nikapakia magunia ya mteja wangu. Nilipowasha injini nikasema tu: Jumanne, saa tatu, ofisi ya kaunsili. Sikuomba. Nilitaja siku, basi.

Akasema, “Ee mukwai.” Ni ndiyo ya heshima, hivyo ndivyo wanavyojibu kila kitu hapa. Ukiwaambia mvua inakuja, ee mukwai.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeosha pikipiki. Nimefuta hata taa, nimekaza boliti za kitanda cha nyuma. Nilipomaliza nikagundua nimeiosha kama mtu anayeuza. Jembe liko nyuma ya mlango. Nimelitazama. Naogopa.

Jumanne, 18 Machi

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Chumba kidogo, meza ndefu. Mwenyekiti ni mama mwenye miwani. Pembeni yake wanaume wawili, mmoja anaandika. Askari wa kaunsili aliyeniandikia notisi amesimama ukutani, mrefu, kofia kichwani. Kibemba nakisikia, kukisema nachechemea.

Askari akaanza. Alisema alipita mara ya kwanza saa nne na nusu, akaiona pikipiki, akajua kumetoka maziko, akaiacha. Akazunguka hadi stendi. Aliporudi bado ipo, hakuna dereva, lori la unga linashindwa kuingia sokoni. Ndipo akaandika. Hakusema uongo hata kidogo. Siku zote hizi nimemchukia mtu ambaye alinisubiri. Ningependa angesema uongo.

Wakasoma barua yangu. Mwenyekiti akaruka salamu zote. Akauliza shahidi. Nikasema sina. Akachukua muhuri.

Mlango ukagongwa. Bana Mwewa. Amelowa hadi magotini, magamba ya samaki mikononi, ametoka moja kwa moja kwenye maji. Akapiga goti kidogo, akapiga makofi ya heshima, akakaa.

Mwenyekiti akamuuliza kama chombo hiki kilikuwa kwenye msafara wa mama yake. Akasema hapana. Kilikuwa kando ya barabara, pamoja na vyombo vingine.

Yule mwanaume akaandika hapana.

Bana Mwewa akaendelea, polepole, kwa Kibemba, nikasikia kila neno. Kwamba maziko si magari. Kwamba mwanamke huyu alishuka wengine wakiwa wamekaa, na sisi tulipokwisha kupita alibaki analia. Kwamba alikuja na kuni, akaosha sufuria zetu siku nne bila kuomba kitu. Wapo ndugu zetu wa damu waliokuja, wakala, wakaondoka, na sufuria hawakuzigusa. Kama huyu si wa maziko, andikeni hapo ni nani.

Mwenyekiti akavua miwani. Akanigeukia mimi. Ulikuwa unamlilia nani?

Ningeweza kusema bibi. Bana Mwewa alikuwa amenifungulia mlango wazi. Nilimtazama, naye akanitazama, na nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu Kibemba changu hakifiki huko. “Sikumulilia mama yake. Nilimulilia bwana yangu. Ye, barabara haikumusimamia.” Nikasema la lori.

Bana Mwewa alikuwa ananitafsiria. Alipofika kwenye honi alisimama. Akamaliza.

Askari pale ukutani alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Ndilo nililoliona vizuri kuliko yote, ile kofia.

Mwanaume mwenye kalamu akauliza, aandike mimi ni nani kwa marehemu? Bana Mwewa akajibu kabla yangu. Wetu.

Mwenyekiti akasema kamati itaandika. Nifuate barua Ijumaa.

Nje nikataka kumshukuru. Akasema chisense yake iko juani na ndege wanaila, akaondoka karibu anakimbia.

Ijumaa, 21 Machi

Barua haijasainiwa. Nirudi Jumatatu. Sijakasirika. Sina nguvu hizo tena.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeipata. Ukurasa mmoja.

Nilielewa muhuri, sikuelewa maneno. Nikaendesha hadi nyumbani nayo kifuani, polepole, kama nimebeba mayai. Papa Zakaria akaisoma akiwa amesimama. Notisi imefutwa. Stika inabaki. Chini kuna nafasi ya sababu, na hapo mtu amejaza kwa mkono, kalamu ya bluu, neno moja la Kiingereza. Papa Zakaria alilijua, lakini alifungua kamusi hata hivyo, anapenda kamusi. Akaweka kidole.

Mfiwa.

Nina karatasi nyingi. Ya mpakani inasema mkimbizi. Ya mgawo wa chakula inasema mkuu wa kaya. Ya kliniki inasema mjane. Hii ni ya kwanza kusema kwamba nilifiwa.

Papa Zakaria akaniuliza kwa nini nalia na tumeshinda. Nikamwambia ni vumbi. Akaketi karibu nami, kamusi mapajani.

Jioni nimeiweka barua ndani ya Biblia, penye picha ya Baba Neema. Kuni za Bana Mwewa nimezifunga tayari, nitampitishia kesho nikienda kupakia. Mpira wa nyuma unapoteza upepo tena.